Mfagiaji wa Shule ya Vrettas

Mara ya kwanza Agoritsa kuingia shuleni alikuwa na miaka tisa, na aliingia kama mbeba kuni. Kaka yake alikuwa kitandani na homa. Sharti la Shule ya Vrettas lilikuwa kila mtoto afike asubuhi na gogo moja la kutia jikoni, na baridi ya milima ya Epiro, huko Ugiriki, haimngoji mgonjwa apone. Basi mama yake akamtwika gogo la mwaloni, akamwambia, "Litue mlangoni, urudi mbio. Usizubae kule."

Alizubaa. Mlango ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mwanga mwingi kuliko aliowahi kuuona chini ya paa. Nyumba za kijiji cha Lithari zilikuwa na madirisha membamba kama ya ngome, ya kuchungulia wanyang'anyi. Shule ilikuwa na madirisha ishirini na mawili, marefu, na jua liliingia kwa yote bila kubisha hodi. Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na kitu cha mviringo, cha buluu na kahawia.

"Hicho nini?" Agoritsa aliropoka.

Wavulana wakaangua kicheko. Mwalimu, mzee wa ndevu nyeupe, hakucheka. "Hii ndiyo dunia, binti."

"Sisi tuko wapi?"

"Hapa. Chini ya ukucha wangu."

"Na Iskandaria, alikokuwa Vrettas?"

Mwalimu akausogeza ule ukucha. "Hapa."

"Kumbe si mbali!"

Kicheko kilimsindikiza hadi nje. Lakini kwa siku kadhaa baada ya hapo alikanyaga ardhi kwa tahadhari, kama mtu aliyesimamishwa juu ya tikiti maji.

Habari za shule ile kila mtu wa Lithari alizijua tangu angali mgongoni mwa mama yake. Zisis Vrettas aliondoka kijijini enzi za Sultani wa Uturuki, akiwa na miaka kumi na minne, akifuata mkia wa nyumbu wa msafara. Alifika Iskandaria, Misri, na kuomba kazi katika duka la Mgiriki mmoja. "Unajua kusoma?" akaulizwa. "Najua," akajibu, maana njaa haina aibu. Hakujua hata alfa, herufi ya kwanza. Akapewa kazi ya kupanga magunia, na kwa kuwa magunia yana rangi na harufu, hakugundulika.

Kisha ikaja barua kutoka nyumbani. Angemwomba nani amsomee, naye alikwisha kusema anajua? Aliifungua mbele ya wenzake, akachezesha midomo, akatabasamu mahali alipodhani panafaa kutabasamu. "Habari za kwenu?" wakamwuliza. "Wazima wote." Akaitia ndani ya shati, na humo akatembea nayo siku arobaini. Siku ya arobaini alishindwa, akampelekea shemasi wa kanisa. Shemasi akasoma: mama yako anaumwa sana, anakuita, ukimpenda njoo sasa hivi. Mama alikuwa amezikwa tayari.

Yule kijana alikuja kuwa mfanyabiashara mkubwa wa pamba. Mwaka 1874 alirudi Lithari na mafundi wa mawe sitini. Alijenga shule, na kwa ajili yake akaweka wakfu: mshahara wa mwalimu, vitabu, jiko, na kila mwaka mtoto mmoja apelekwe mjini Yanina kuendelea na masomo. Juu ya mlango akachongesha maneno haya kwenye jiwe: *Zisis wa Vrettas, aliyebeba barua ya mama yake siku arobaini bila kuisoma, amejenga nyumba hii, ili asiwepo tena mtoto wa Lithari wa kusomewa na mwingine.*

Mtoto wa Lithari, yaani mvulana. Wasichana walikuja kuruhusiwa mwaka 1921, mwanawe Zisis, Filotas, alipouongezea wakfu sharti hilo. Agoritsa alikuwa na miaka kumi na mitatu, ana mbuzi thelathini wa kuchunga na mchumba aliyekwisha kutajwa. Mlango ulifunguliwa baada ya yeye kupita.

Aliolewa na fundi wa mawe. Mwaka wa pili wa ndoa mume alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi huko Thesalia, wakamletea koti lake na nyundo yake. Mtoto hakuwa naye. Kamati ya shule ikamhurumia, ikampa kazi: kufagia, kuwasha jiko, kupanga magogo ya watoto ukutani. Alikuwa na miaka ishirini.

Ni pale mlangoni alipojifunzia kusoma. Aliona haya kumwendea mwalimu mpya, Aristidis, kijana wa mjini aliyevaa miwani. Akabuni njia yake. Mtoto akichelewa asubuhi, Agoritsa humzuia ngazini na ufagio. "Hupiti mpaka unilipe."

"Sina kitu, shangazi!"

"Una macho. Ile pale juu, ya tatu, ni herufi gani?"

Hivyo, kwa wachelewaji, herufi moja moja, jiwe likaanza kusema. Ilimchukua majira mawili ya baridi. Siku aliyofika neno la mwisho hakuwa na mtu karibu. Alilisoma lote kwa sauti, tangu Zisis hadi mwingine, na sauti iliyosoma ilikuwa yake mwenyewe. Akaketi ngazini na ufagio mapajani. Mtu aliyekufa zamani alikuwa amesema naye moja kwa moja, bila shemasi wala tarishi. Mwalimu Aristidis alimkuta hapo, akadhani anaumwa.

"Nimeyasoma," Agoritsa akasema.

"Umesoma nini?"

"Yote."

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kuanzia siku hiyo alimwachia kitabu kimoja juu ya jiko kila Jumamosi, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Kisha vita vikaja. Oktoba 1940 Mwalimu Aristidis aliitwa jeshini kwenye milima ya mpakani. Alimkabidhi Agoritsa funguo, akasema atarudi kabla ya Pasaka. Hakurudi. Bahari ilifungwa, na kutoka Iskandaria hakukuja tena barua wala fedha. Mwaka uliofuata njaa iliingia Lithari na kukaa. Watu walichemsha mboga mwitu, na theluji ilifunika njia ya msituni hadi kifuani.

Asubuhi moja Kosmas Bitas, mwenye nyumbu, alikuja na shoka. Alikuwa rafiki wa marehemu mumewe Agoritsa, na walizoea kutaniana, lakini siku hiyo hakuwa na utani usoni.

"Shemeji, fungua."

"Kuna nini?"

"Madawati mawili tu. Mke wangu anatetemeka hata meno hayakutani. Nyumbu sina, walichukuliwa na jeshi. Nifanyeje?"

"Dawati hutoki nalo, shemeji."

"Kwani nani anakalia? Panya?"

Agoritsa akamtazama, kisha akatazama shoka. "Twende kwangu. Kuna mlango mzuri, wa mwaloni. Ung'oe."

"Na wewe ulale wapi, mlango wazi?"

"Nitahamia hapa. Pana milango miwili."

Kosmas alidhani anakejeliwa. Lakini Agoritsa alikuwa ameshashika njia, ametangulia kwenye theluji, na walipofika ni yeye aliyeshika bawaba wakati Kosmas anachomoa misumari. Kosmas aliubeba mlango mgongoni, amejikunja kama kobe, bila kusema ahsante.

Kesho yake, saa ile ambayo zamani kengele ililia, mtu alibisha hodi shuleni. Alikuwa binti wa Kosmas, Kalliroi, mwenye miaka tisa. Mkononi ameshika kipande cha mbao za mlango, kilichokatwa vizuri kwa kipimo cha jiko.

"Baba amesema nilete hiki. Amesema mtoto wa shule hafiki mikono mitupu."

"Mwalimu hayupo, mwanangu. Unajua hivyo."

Kalliroi akamtazama kama mtu anayetazama kipofu. "Wewe si upo?"

Theluji ilikuwa inaingia ndani kwa mlango ulio wazi. Agoritsa akapokea ile mbao, akawasha jiko. Wiki haikwisha wakawa watoto kumi na mmoja.

Alichokijua yeye alikimaliza kwa wiki tatu. Ndipo akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba masomo kama watu wanavyoomba chumvi. Padri Lambros alikubali kufundisha historia na kuimba. Mkunga alikuja kufundisha mwili wa binadamu, akafundisha mengi kuliko alivyoombwa. Kosmas alikataa katakata.

"Mimi? Mimi nafundisha nyumbu, shemeji. Tena kwa matusi."

"Basi punguza matusi."

Alikuja, akasimama mbele ya lile tufe la dunia, kofia mkononi. Alijua kila njia na kila kivuko toka Lithari hadi Salonika, na uzito nyumbu anaoubeba kila siku, na siku ngapi za mwendo. Watoto walijifunza hesabu na jiografia kwa pamoja, na matusi mawili matatu juu yake.

Agoritsa aliandika majina. Mwalimu Aristidis aliacha daftari la mahudhurio lenye kurasa tupu, naye aliona vibaya mtoto afike kwenye baridi ile kisha asiandikwe popote. Herufi zake zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, lakini kila jina lilikuwepo. Vita vile vilipokwisha vikaanza vya wenyewe kwa wenyewe. Kijiji kizima kikahamishiwa Yanina miezi kumi na minne, katika ghala la tumbaku. Daftari likaenda limefungwa ndani ya blanketi, na shule ikaendelea juu ya marobota. Serikali ilipoleta mwalimu wake mwaka 1950, daftari lilikuwa na majina mia moja arobaini na matatu. Agoritsa akalitia kabatini, akarudi kwenye ufagio wake.

Mwaka 1957 ilikuja barua kutoka Iskandaria. Filotas Vrettas alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee, Bi Erasmia, angefika Lithari mwezi Septemba.

Kijiji kikapagawa. Paa la shule lilivuja mahali saba, daraja lilitikisika, bomba la maji lilikuwa ahadi ya miaka kumi. Mwenyekiti wa kijiji, Menelaos, alitengeneza orodha ya mahitaji yenye kurasa tatu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema kila alipoingia mkahawani. Kosmas akatoa kondoo. Wanawake wakaoka mikate ya jibini na ya mboga mpaka tanuri zikachoka.

Basi likamshusha darajani mwanamke wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye koti zuri lililochakaa viwikoni. Alikuwa na sanduku moja tu. Agoritsa, aliyetumwa kwenda na nyumbu kumpokea, alilipokea, akashangaa wepesi wake.

"Mengine yanakuja na basi la kesho, bibi?"

"Hakuna mengine," Bi Erasmia akasema.

Kwenye uwanja wa shule watu wote walikuwa wamesimama. Mgeni hakuketi kwenye kiti alichowekewa. Alisoma kwanza jiwe la juu ya mlango, kimya, kisha akageuka.

"Nimekuja kuwaomba radhi," alisema. "Wakfu wa Vrettas umekwisha. Biashara ya baba ilikufa kabla yake. Nyumba imeuzwa. Baba alipofariki nilifungua dawati lake, nikakuta barua zenu, kumi na tisa, mlizoandika baada ya vita kuuliza kama tuko hai. Alikuwa amezifungua zote. Alizisoma zote. Hakujibu, kwa sababu hakuwa na cha kuwatumia, na aliona aibu." Akalinyooshea kidole jiwe la juu ya mlango. "Babu yangu alibeba barua siku arobaini kwa kuwa hajui kusoma. Baba yangu alizibeba zenu miaka kumi, naye alijua. Nimeona mtu wa ukoo wetu aje aseme kwa mdomo wake. Nimekwisha kusema. Basi la kurudi ni saa ngapi?"

Mwenyekiti Menelaos alikunja orodha yake mara mbili, mara nne. "Kumbe kondoo amechinjwa bure," akanong'ona, lakini kila mtu akasikia.

"Kondoo alikuwa wangu," Kosmas akasema. "Nikilalamika mimi ndipo ulalamike."

Agoritsa hakuwa mtu wa kusema hadharani. Miguu ilimchukua ndani kabla hajajua anakwenda wapi. Akafungua kabati, akatoka na daftari, akaliweka mikononi mwa mgeni.

"Bibi, umesema wakfu umekwisha. Haukukwisha. Fedha zilikatika mwaka wa arobaini. Angalia tarehe."

Bi Erasmia akafungua. Alipindua ukurasa mmoja, wa pili, wa kumi. Mvua, vita, ghala la tumbaku, vita tena, tarehe hazikuachana.

"Nani aliwafundisha hawa?"

"Sote. Kila mtu alichonacho."

Mwanamke yule akarudi ukurasa wa kwanza. Labda hakukusudia kusoma kwa sauti. "Kalliroi wa Bitas," akasoma.

"Nipo!" ikajibu sauti nyuma. Kalliroi alikuwa na miaka ishirini na mitano sasa, mtoto kiunoni.

Bi Erasmia akainua macho. Kisha akasoma la pili, na mwanamume mmoja karibu na ukuta akavua kofia: "Nipo." La tatu halikuitikiwa na mwenyewe, mama mmoja akasema, "Yuko Melbourne. Ni mzima." La nne, "Nipo." La tano, padri ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, "Yuko kwa Mungu." Alisoma yote. Wengine waliitika wenyewe, wengine waliitikiwa na ndugu. Palipotajwa mtoto ambaye nyumba yake nzima haikubaki na mtu, umati wote ulisema, bila kuambiwa na yeyote, "Tupo." Agoritsa alisimama na mikono ndani ya aproni. Aliyaandika yale majina moja moja, asubuhi moja moja, akiwaza kuni na supu. Hakuwahi kuyasikia kwa pamoja. Hakujua kuwa ni mengi kiasi kile.

Kivuli cha shule kilifika upande wa pili wa uwanja kabla jina la mwisho halijasomwa. Nyama ilikuwa imepoa, mafuta yameganda. Menelaos alikuwa analia waziwazi kama mtoto, orodha imelowa mkononi.

"Basi la kurudi limeshaondoka," Kosmas alimwambia mgeni. "Na ukweli wenyewe, bibi, hata lingekuwepo tusingekuonyesha."

Hakuondoka tena. Walimpa chumba cha mwalimu juu ya darasa, na nyumba zilimlisha kwa zamu, kila nyumba siku yake. Alilipa kwa kufundisha Kifaransa, kwa kushona, kwa kuwaandikia watu barua za kwenda Ujerumani, ambako vijana walianza kumiminika kutafuta kazi za viwandani. Naye Agoritsa, ambaye kwa mwezi wa kwanza alishindwa hata kumtazama usoni mtu wa ukoo wa Vrettas, kufikia Krismasi alikuwa anagombana naye kila siku juu ya kahawa.

"Hii si kahawa, Agoritsa, ni tope."

"Iskandaria mlikuwa mnakunywa maji ya maua, ndiyo maana mmefilisika."

Walicheka hadi mkunga akaja kuuliza kuna nini.

Kalliroi alikuwa miongoni mwa walioenda Ujerumani. Alifanya kazi ya kuunganisha nyaya kiwandani Stuttgart, na katika chumba chake cha kukodi aliwatafuta kwa barua, mmoja mmoja, wote wa lile daftari walio hai. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na minne. Mwaka 1975 alirudi na jambo lililokamilika: watu wa Stuttgart, wa Melbourne, wa Athens, wamekubaliana kuufufua wakfu, na si kwa Lithari peke yake, bali kwa vijiji vyote vya bonde lile, maana watoto walikuwa wamepungua kila mahali na shule zinafungwa.

Mwanasheria wa Yanina alipanda mlima na makaratasi yake. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Jina la wakfu?"

"Vrettas," Kalliroi akasema. "Hilo halijadiliwi."

"Basi sheria inataka wajumbe wawili wa ukoo kwenye baraza."

"Mmoja ni mimi," Bi Erasmia akasema. Alikuwa na miaka sabini na tisa. "Wa pili ni huyu," akamwonyesha Agoritsa.

Mwanasheria akatazama ile aproni. "Ni nduguyo?"

"Huoni tunavyogombana?"

Mwanasheria alikuwa mtu wa milimani pia. Akaandika. Akageuza karatasi kuelekea kwa Agoritsa, na Agoritsa, aliyekuwa ameandika majina ya watoto wa watu mia na zaidi, akaandika la kwake, taratibu.

Bi Erasmia alifariki Februari iliyofuata, wakamzika kando ya kaburi la mama wa Zisis. Katika kikao cha kwanza baada ya mazishi baraza lilikuwa na mipango mingi, na wasomi kutoka Athens walizungumza kwa ufasaha. Mwisho mmoja wao akasema kwa heshima, "Na wewe, shangazi Agoritsa, unaonaje?"

"Watoto wa ng'ambo wanavuka mto kwa miguu," akasema. "Nunueni gari."

Wakanunua basi dogo jeupe. Siku ya kwanza ya muhula Agoritsa alivaa kitambaa chake cheusi kipya, akapanda kabla jua halijatoka vizuri, akaketi nyuma ya dereva. Walipita darajani, wakakata kona ambayo yeye katika miaka yake sitini na minane hakuwahi kuikata kwa upande ule. Kijiji kilichofuata wakapanda wawili. Kilichofuata, mmoja, mdogo sana, ambaye begi lilimfika visigino. Kisha watano, ndugu watupu, wakisukumana. Kila mlango ulipofunguka Agoritsa alisogea mbele ya kiti chake kutazama sura inayopanda. Vijiji vingapi vile, na vyote vilikuwepo siku zote, nyuma ya mlima mmoja tu.

Yule mdogo mwenye begi alikuja kukaa pembeni yake, akamtazama mikunjo ya uso bila haya. "Bibi, na wewe unakwenda shule?"

"Ndiyo."

"Darasa la ngapi?"

"Bado hawajaniambia."

Dereva alicheka kwenye kioo. "Shangazi, nikushushe wapi? Bado kuna vijiji vinne, na njia inazidi kuharibika."

"Endesha, mwanangu," Agoritsa akasema. "Nataka kuwaona wote."

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Mbele, kwenye kona ya njia, walionekana watoto watatu wamesimama wameshikana mikono, wakisubiri.